Deni la Somalia limefutwa, mnyonge amepata nini?

Tarehe 13 Desemba 2023, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilitangaza kwamba Somalia imetimiza masharti ya mpango wa kuzisamehe nchi maskini zenye madeni makubwa. Msamaha wote, pamoja na wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na wadai wengine, unafikia dola bilioni 4.5. Deni la nje, lililokuwa asilimia 64 ya pato la taifa mwaka 2018, likashuka chini ya asilimia 6.

Ndugu msomaji wa Magoma waweza kuuliza: ya Mogadishu yatuhusu nini? Yatuhusu kwa udugu wa dini, na kwa wengi wetu wa Korogwe na Handeni yatuhusu kwa damu. Katika karne ya 19 Wazigua waliuzwa utumwani hadi Bonde la Juba, na huko vizazi vyao vingali vikizungumza Kizigua. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia nchi ya babu zao. Walipokewa Mkuyu, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Jamaa zao waliobaki Juba ni miongoni mwa wanyonge ambao fedha hizi zasemwa ni kwa ajili yao.

Tuitazame hesabu kwa makini. Sehemu kubwa ya deni hilo ilikopwa kabla ya vita. Serikali ilipotoweka hapakuwa na wa kulipa, na riba ikarundikana juu ya riba. Qur'ani yatuagiza kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Kwa hiyo msamaha huu ni heri. Lakini tusidhani kwamba dola bilioni 4.5 zimeingia hazina ya Mogadishu. Nchi isiyokuwa ikilipa haikupata fedha mkononi kwa kufutiwa. Ilichopata ni mlango: kwa kawaida benki hizi hazitoi fedha mpya kwa mwenye malimbikizo, na ndiyo maana Machi 2020 Norway ilitoa mkopo wa muda mfupi kuyalipa yale ya Benki ya Dunia.

Mfano wa fedha zinazomfikia mnyonge ni mpango wa Baxnaano, uliobuniwa mwaka 2019, ambao ulizipa takriban kaya 200,000 dola 20 kwa mwezi kupitia simu za mkononi. Sisi tunaoijua TASAF tunafahamu fedha ndogo kama hiyo inavyoweza kumbakisha mtoto shuleni.

Hata hivyo, katika nchi ya vita swali gumu si nani anatoa, bali ni nani anapokea. Njaa ya mwaka 2011 iliua watu wapatao 260,000, na jamii zisizo na ukoo wenye silaha, Wabantu wakiwemo, ziliumia zaidi. Mwaka 2023 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulibaini kuwa misaada ya wakimbizi wa ndani inanyang'anywa na wenye nguvu, na Umoja wa Ulaya ukasitisha kwa muda fedha zake kwa Shirika la Mpango wa Chakula nchini humo.

Tanzania nayo ilisamehewa kwa mpango huo huo, Novemba 2001. Mzazi wa kijijini hakusoma mikataba. Aliuona msamaha pale ada ya shule ya msingi ilipofutwa. Kipimo hicho ndicho tuiwekee Somalia, ambayo tangu 2024 ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Orodha ya wanaolipwa isomwe hadharani mbele ya wanakijiji, na mjane wa Juba asiye na mtu serikalini awe na mahali pa kupeleka malalamiko yake. Deni la benki limefutwa. Haki ya mjane huyo ni deni pia, na hilo halisamehewi na mtu mwingine kwa niaba yake.

Wabillahi tawfiq.