Motari, kaa upande wako kwenye kona

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Butembo kurudi kwangu Beu, nimekaa nyuma ya pikipiki. Karibu na Maboya, kwenye kona inayopinda kwa kushoto, motari wangu akaacha upande wetu wa kuume na kukata kona kwa ndani. Mara Fuso ikatokea, imejaa mbao. Honi ikalia, motari akarudi kuume, mbao zikapita karibu kabisa na bega langu. Tulisimama kando. Mikono ya yule kijana ilikuwa inatetemeka. Akaniambia: «Papa, upande ule ndio hauna mashimo.»

Alisema kweli, na hapo ndipo shida yetu inapoanzia. Sisi wa Beni na Butembo tumejifunza kuendesha kwenye barabara ya udongo. Barabara ya udongo ni pana kwa macho, lakini mahali pazuri pa kupitisha gurudumu ni pamoja tu, pale palipokwisha kupondwa na kukauka. Anayekwenda anapatafuta, anayekuja anapatafuta. Kwenye sehemu iliyonyooka si neno, mnaonana toka mbali na mmoja anampisha mwenzake. Kwenye kona hamuonani.

Halafu ikaja habari ya lami. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani, Kasindi na Mpondwe, kuzindua kazi za barabara: kilomita 80 toka Kasindi mpaka Beni, na 54 toka Beni mpaka Butembo. Tulishangilia, hata mimi. Lakini pale lami inapofika, mwendo unabadilika siku ileile, na desturi ya udongo inabaki. Kijana anakata kona vilevile alivyozoea, ila sasa anaikata kwa mwendo mara mbili.

Najua kuna watakaoniambia: wewe mwandishi, umesahau tunaishi wapi? Sijasahau. Kwa barabara kama ile ya Kasindi, miaka ya mashambulizi imewafundisha wamotari kwamba anayekawia njiani anajitafutia kifo. Nani atamlaumu mtu kwa kukimbia? Lakini angalia vizuri. Kukimbia kunakusaidia mahali unapoona mbele. Ukiingia kwenye kona mbio, huoni kama nyuma yake kuna watu wabaya, kuna mbuzi, au kuna lori lililopasuka gurudumu. Na hata ukiona, huwezi tena kusimama.

Wengi wanafikiri kukaa upande wako ni gurudumu tu. Sivyo. Kona ikipinda kwa kushoto, pikipiki inalala kwa kushoto. Gurudumu linaweza kuwa bado upande wako, lakini kama liko karibu na katikati, kichwa chako na cha mteja viko tayari upande wa anayekuja. Ongeza mbao zilizofungwa kimshazari, au godoro, au bido za mafuta, utaona mwenyewe ni nafasi gani unachukua. Kona ikipinda kwa kuume, hatari ni nyingine: ukiingia mbio, pikipiki yenyewe inakusukuma nje, kuelekea katikati. Hapo ndipo watu wanashika breki ya mbele kwa nguvu, na gurudumu linateleza. Punguza kabla ya kona, wakati pikipiki bado imesimama wima. Na zile trela zinazotoka mpakani: zikipinda kwa kushoto kwao, kichwa kinabaki upande wake lakini mkia unavuka katikati. Wewe unayekutana nayo, kaa mbali na katikati.

Kuna na ile tabia ya kuzima injini kwenye mteremko ili kuhifadhi esansi. Injini ikizimwa haikuzuii tena, umebaki na breki peke yake. Esansi unayookoa hapo haijazi hata chupa.

Tena tukumbuke tuko jirani na Uganda. Ukivuka Mpondwe, unaendesha kwa kushoto. Ukirudi Kasindi, ni kuume. Mtu aliyechoka anaweza kusahau, hasa kwenye kona isiyo na gari lingine mbele la kumkumbusha. Na magari yetu mengi yana usukani wa kuume, kwa hiyo dereva anayetaka kupita mwenzake haoni vizuri kinachokuja. Sheria yetu ya barabarani ni ya 30 Agosti 1978, na ilishasema tutembee kuume. Lakini kwenye parkingi zetu ni wamotari wangapi waliowahi kusomewa sheria hiyo? Polisi wa barabarani wanatuomba vitambulisho na permi. Siku moja waje na chaki, wachore kona chini, waonyeshe. Marais wa parkingi nao wanaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja, bila kungoja mtu wa Goma wala wa Kinshasa.

Sasa niseme na upande wangu. Asubuhi ile, kabla hatujatoka Butembo, nilimwambia yule kijana mara mbili: «Kanyaga, nimechelewa.» Yeye alikuwa anaendesha, mimi nilikuwa nimenunua mwendo. Tukiwa wateja, tunalipa haraka halafu tunaandika habari za ajali. Mimi ndiye ninayeziandika.

Kwa wenye lami: chora mstari mweupe, na uanzie kwenye kona, sehemu zilizonyooka zinaweza kungoja. Kwa wakaaji wa vijiji vya njiani, kazi ni ndogo zaidi. Kwenye ile kona yangu majani yamefika kifuani, ndiyo maana hatukuiona Fuso. Panga nne na salongo moja, kona nzima inakuwa wazi.