Faranga 500 kwa kidole kimoja: je, tukubali?

Likizo kuu ikikaribia, mazungumzo yetu nje ya madarasa hubadilika. Kila mtu anauliza nani amepata kazi, na ni kazi gani. Kwa sisi wa lugha, kazi inayotajwa sana siku hizi ni ya kukusanya sahihi. Shirika au avoka anataka kufungua mashtaka kwa jina la watu wengi. Watu hao wako vijijini, na wengi hawasomi Kifaransa. Basi anatafutwa kijana anayejua Kifaransa, Kiswahili na Kiluba, anapewa furushi la karatasi na kisanduku cha wino wa vidole, anaambiwa aende. Analipwa kwa karatasi.

Wako wenzangu wanaosema tuikatae kazi hii kwa kuwa malipo yake ni matusi kwa mtu aliyekaa miaka mitatu chuoni. Mimi nasema tuikatae jinsi inavyotolewa sasa, lakini si kwa sababu hiyo. Heshima yetu inaweza kungoja. Anayepunjwa hasa ni mwenye kidole.

Marekani kuna notari wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mhuri wao, na wao pia hubishana kuhusu kazi za malipo madogo. Kwetu notari ni afisa mwenye ofisi mjini. Hapandi mtumbwi kwenda Kinkondja. Aliyepanda ni mimi.

Ilikuwa likizo mbili zilizopita. Nilichukua treni mpaka Bukama, kisha boti kuteremka Lualaba hadi nyumbani, kando ya ziwa Kisale. Karatasi nilizobeba ziliwahusu watu waliokimbia vijiji vyao wakati wa vita vya Mai-Mai. Kila karatasi ilikuwa na jina, kijiji cha asili, alichopoteza mtu, na chini yake aya ndefu ya Kifaransa ya kumpa avoka uwakala. Malipo yalikuwa faranga 500 kwa karatasi iliyojazwa. Boti na chakula vilikuwa juu yangu.

Siku ya kwanza nilifanya kazi vizuri. Nilisoma aya yote kwa Kifaransa, nikaieleza kwa Kiluba, nikajibu maswali, na mara nyingine nikaanza upya kwa ajili ya mzee aliyechelewa kufika. Kila mtu alinichukua karibu nusu saa, maana huwezi kumwuliza mtu alichopoteza kisha ukamkatiza. Jioni nilikuwa na karatasi 15, yaani faranga 7.500. Siku ya tatu nilikusanya 40. Nilifikaje huko? Aya nzima nilikuwa nimeipunguza kuwa sentensi moja: «Huyu avoka atatufuatia mambo yetu.»

Katika aya ile kulikuwa na neno percevoir. Avoka alipewa ruhusa ya kupokea fedha kwa niaba ya mhanga na kukata sehemu yake kabla ya kumpa zilizobaki. Mimi nikasema «kufuata». Hapa kitivoni mwalimu angenikata alama kwa kosa hilo, na ningeona haya mbele ya wenzangu. Kule hakuna aliyeliona, na mtu alitia kidole juu yake.

Mama mmoja, muuza samaki wa kukausha, aliniuliza akiwa tayari amefuta mikono: «Mwanangu, hii ni ya posho au ya vyandarua?» Alikuwa amezoea. Kila aliyewahi kufika na karatasi na wino alikuwa anagawa kitu. Nilimjibu, «Hapana mama, ni ya mashtaka,» akaitikia kwa kichwa, akatia kidole. Nyuma yake walikuwa wanangoja watu kumi. Sikumwuliza amesikia nini katika neno mashtaka.

Mtu anaweza kusema: ni karatasi tu, mwenye kuamua ni hakimu. Lakini hakimu naye anazisoma karatasi, na sisi Wakongo tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ilitoa hukumu ya fidia kati ya nchi yetu na Uganda. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11, ikapewa milioni 325. Kongo ilidai vifo vya raia 180.000, nayo Mahakama ikakadiria kati ya 10.000 na 15.000. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni fomu za kutambulisha wahanga. Mahakama ilizikuta nyingi hazina hati za kuzithibitisha, ikakataa kuzitegemea. Kila fomu kati ya zile ilijazwa na mtu mbele ya mtu mwingine. Sijui waliozijaza walilipwaje. Ninachojua ni jinsi yangu 40 za siku ya tatu zilivyojazwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi wa Katanga ya zamani. Oktoba 2004 jeshi liliingia Kilwa, kando ya ziwa Mweru, na watu zaidi ya 70 waliuawa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining yalitumika. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia huru wafanyakazi watatu wa kampuni hiyo. Baadaye mawakili wa Australia walijaribu kufungua kesi kwao, wakakwama kwa sababu njia ya kwenda Kilwa kuonana na wateja wao ilizuiwa. Kesi nzima ikategemea safari ya kwenda kuonana na watu! Mwishowe Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ilipe dola milioni 2,5 kwa wahanga wanane, wale ambao majina yao yalikuwa ndani ya malalamiko. Kuhusu wengine, iliitaka serikali iwatafute na kuwafidia.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema tuikatae kazi yote. Jina lililo kwenye karatasi na jina lisilokuwapo havina uzito sawa, na bila mtu wa kwenda mpaka ziwani, mama wa samaki hatakuwa na jina mahali popote. Rafiki yangu ananiambia pia kwamba tukikataa sisi, atapelekwa mtu asiyejua hata hiki Kifaransa chetu. Ni kweli. Tena minervali hailipwi kwa maneno mazuri, na simlaumu anayehesabu zile 500 kwanza.

Malipo madogo peke yake hayanisumbui sana. Mashirika mengi ya wahanga hayana fedha, na ningekwenda kwa malipo ya siku hata yakiwa madogo, mradi nipewe nauli na chakula. Kulipwa kwa karatasi ni jambo jingine. Ukinilipa kwa siku, swali la mzee halinipunguzii kitu. Ukinilipa kwa karatasi, kila swali lake linakula chakula changu cha jioni, nami nitatafuta njia ya kumnyamazisha kwa adabu. Nililala nikiwaza hivyo, na sidhani mimi ni mbaya kuliko wenzangu.

Kuna jambo lingine ambalo kitivo kingeweza kulifanya bila kungoja mtu. Aya ile ya uwakala haibadiliki sana kutoka avoka mmoja hadi mwingine. Tuitafsiri sisi, kwa Kiswahili cha huku na kwa Kiluba, tukisimamiwa na walimu wetu, tubishane juu ya percevoir humu darasani badala ya kuiachia akili ya mwanafunzi mmoja mwenye njaa juani. Atakayekwenda aende na karatasi hiyo, aisome kwa sauti, na nakala ibaki kwa mwenye kidole. Zoezi kama hilo lingenifundisha zaidi ya yale ya magazeti ya Paris tunayopewa kila muhula. (Walimu wangu wanisamehe.)

Mwezi uliopita nimeitwa tena, na shirika lilelile. Nimeandika kwamba nitakwenda nikilipwa kwa siku, na kwa sharti nirudi kwanza kwa wale 40 niwasomee upya, na anayetaka kuondoa kidole chake akiondoe. Sijajibiwa. Nyumbani, nikipita sokoni, yule mama bado ananiita: «Mwanangu, posho itafika lini?»