Mapumziko Nyuma ya Ukuta



Siku hizi jubilei ya fedha ya ndoa inapokaribia, watoto huwachangia wazazi wao safari. Na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinapogawana akiba mwishoni mwa mwaka, jina linalotajwa kwanza ni Zanzibar. Hatuna ugomvi na jina hilo. Aliyefanya kazi miaka 25 anastahili kupumzika, na bahari haikuumbwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Ugomvi wetu ni juu ya aina ya hoteli inayochaguliwa: ile ambayo mgeni hulipa mara moja tu, chumba, chakula, vinywaji na michezo vyote vikiwa ndani ya bei, kisha hufungwa ukanda mkononi, na tangu hapo hana haja ya kutoka langoni mpaka siku ya kuondoka.

Tunasema wazi kwamba hoteli ya namna hiyo haifai kuwa chaguo letu, na sababu yake sisi wa Mwanza tunaijua vema. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea kandokando ya ziwa katika miaka ya 1990, minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, tukayakaanga na kuuziana. Ajira zilikuwapo, naam. Hata hivyo ni nani kati yetu hakuona utajiri ukipita mbele ya mlango wake bila kubisha hodi?

Huko Visiwani, sheria ya mwaka 1986 ya kulinda vitega uchumi iliwafungulia wageni mlango, na katika miaka ya 1990 hoteli za Waitaliano zikaanza kujipanga katika pwani ya Kiwengwa. Mara nyingi safari nzima huuzwa na kulipiwa huko huko Ulaya, na sehemu ya fedha haikanyagi kisiwani kabisa. Zile zinazofika huzunguka ndani ya ukuta. Aliyekwisha kulipia samaki wa hoteli hamtafuti mvuvi wa Nungwi. Aliyelipiwa mashua hakodi ngalawa. Muuza madafu na mama mwenye mgahawa wa vibanda vitatu humwona mgeni kwa mbali tu, kama sisi tulivyoziona zile ndege.

Na yapo maji. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilitoa utafiti wake juu ya vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Kaya nzima ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni ya kawaida, lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Msomaji na arudie hesabu hiyo polepole: chumba kimoja, maji ya kaya zaidi ya thelathini! Mama wa Igombe abebaye ndoo kichwani hahitaji mtaalamu wa kumfafanulia maana yake.

Tumekwisha sikia hoja ya upande wa pili, nayo si ya kipuuzi. Bei inajulikana mapema, wazazi wazee hawasumbuliwi na mapapasi, watoto wako salama. Tena vijana wengi wa Bara wameajiriwa katika hoteli hizo. Kweli, na ni kwa ajili ya vijana hao pia tunaandika. Je, kijana huyo ana mkataba wa maandishi? Ana siku ya mapumziko katika juma? Papa Leo XIII alitetea ujira wa haki wa mfanyakazi mwaka 1891. Itakuwa aibu sisi tulale siku tano mikononi mwa mhudumu bila hata kumwuliza anakaa wapi.

Isitoshe, hapa nyumbani tunapiga kelele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, nasi tukikuta ukuta ulioteremka hadi majini, mahali tulipozoea kuanika dagaa na kuchota maji, tunaulaani. Basi tutawezaje kuulaani ukuta wa Ziwa Victoria na kuulipia ule wa Bahari ya Hindi?

Nyumba ndogo za wageni zipo Jambiani, Paje na Mji Mkongwe, nyingine zikiwa za wenyeji wenyewe. Mgeni hulipa kitanda na chai ya asubuhi. Chakula cha mchana atakitafuta mtaani. Gharama huenda ikapungua, huenda isipungue, hilo hatuliahidi. Anayetoka langoni avae kwa heshima, kwa kuwa yuko kijijini kwa watu, na wengi wao ni Waislamu.

Tunawaomba waweka hazina wa vikundi, kabla ya kutuma hata shilingi ya amana, wapige simu hotelini na kuuliza: maji yanatoka wapi, samaki ananunuliwa kwa nani, wafanyakazi wana mikataba? Majibu yasomwe mbele ya wanachama wote, pamoja na jina la hoteli iliyokataa kujibu.