Fidla Haihitaji Vizingiti

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba fidla yenye vizingiti vya chuma shingoni, mfano wa gita, itawakomboa vijana wetu na aibu ya kupotoka sauti, amenena kwa yakini ya mtu ambaye, nadhani, hajapata kuishika. Mimi, mpigaji wa nyatiti, gita na orutu, niliijaribu Jumamosi nzima kando ya Soko la Burma, katikati ya moshi wa nyama choma na zogo la Barabara ya Jogoo, na sikatai: kidole kilitua mahali pake bila taabu, na hata viola da gamba za Ulaya ya kale zilifungwa nyuzi za utumbo shingoni kwa sababu iyo hiyo. Lakini ule mtelezo wa sauti, ambao katika orutu yenye uzi mmoja ndio usemi wenyewe, ulikatika vipande vipande. Na robo za sauti za maqamu ya Rast na Bayati, ambazo taarabu kongwe ya Unguja haiwezi kuzikosa, hazikuwa na pa kukaa. Mchoma nyama mmoja, mzee mpole, aliniuliza kwa adabu iwapo chombo kimeshikwa na kwikwi. Basi ndugu yangu mwandishi na aje Burma aipige mwenyewe. Nyama nitalipa mimi.