Kupima bure ndiko kunakotumaliza

Na Zuhura Mbwana

Toyota IST haina taimingi belti. Injini yake, iwe ya cc 1300 au 1500, inatumia cheni, na cheni ikipata oili safi kwa wakati inakaa humo miaka na miaka bila kuguswa. Hilo halikumzuia fundi mmoja wa Tabata kumwambia jirani yangu kwamba belti imechoka, ikikatika barabarani injini nzima imekwenda, afanye haraka. Jirani akatoa hela ya belti, akatoa na hela ya kuifunga, akasindikizwa kwa maneno matamu: "Sasa hata Mbeya unafika, mama."

Kisa cha namna hii kila mwenye gari anacho chake, na hukumu huwa ile ile: mafundi wezi. Mtu anahama gereji, anapigwa kwa mtindo mwingine, anahama tena. Kwamba tunapigwa, sibishi. Ninachobisha ni sababu. Haiwezekani tabia mbaya iwe imejigawa sawasawa kutoka Mbagala hadi Tegeta, kwenye gereji bubu chini ya mwembe na kwenye zile zenye kiyoyozi na sofa za kusubiria. Kabla ya kuhukumu tabia ya fundi, tuangalie kwanza ni kipi hasa tunachomlipa.

Gari linatetemeka ukisimama kwenye foleni na taa ya cheki injini imewaka. Unalipeleka. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anapiga resi mara mbili, anachomeka kimashine cha kusomea hitilafu chini ya usukani. Hapo ndipo penye akili na uzoefu kuliko kazi yote itakayofuata, na hapo ndipo tusipolipa. "Kupima ni bure, boss." Ikija hela ya ufundi tunajitutumua: akitaja elfu arobaini tunampa ishirini, tunamuahidi na kumletea wateja. Kisha inatoka orodha ya spea, ambayo ndiyo nzito, na hapo hatuna hoja, maana bei hatuzijui na muda wa kwenda kwenye maduka ya Gerezani hatuna. Tunarusha hela kwenye simu. Fundi anapanda bodaboda, anarudi na boksi na risiti ya kitabu.

Risiti hiyo ndiyo moyo wa biashara. Maduka mengi ya spea yana bei ya fundi na bei ya kuandika. Koili iliyochukuliwa kwa elfu hamsini itaandikwa elfu tisini, na mwenye duka hataki maswali, kwa kuwa fundi asipoandikiwa hapa ataandikiwa mlango wa pili. Hicho ndicho cha juu, na kwa fundi wa kawaida cha juu ndicho mshahara. Ile elfu ishirini ya ufundi, tuliyoipigania kwa kelele zote zile, anagawana na mwenye eneo na kijana aliyekuwa ameshika tochi.

Turudi kwenye lile gari linalotetemeka. Mashine imesoma P0302, maana yake silinda ya pili haichomi sawasawa. Inaweza kuwa koili, inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa nozeli. Fundi anayeijua kazi anachomoa koili ya silinda ya pili na kuipeleka ya tatu, ile ya tatu anaileta ya pili, anafuta hitilafu, anawasha na kuzunguka mtaa. Namba ikirudi P0303, ugonjwa umehama pamoja na koili: hiyo ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0302, koili ni nzima, aangalie plagi na nozeli. Shilingi haijatoka mfukoni na jibu limepatikana. Nimemwona kijana akifanya hivyo pale Mwenge, grisi hadi kwenye viwiko, nikamsikiliza kama ninavyomsikiliza wakili anayembana shahidi.

Sasa mpigie hesabu yake. Kwa kipimo kile kijana amejitoa kwenye koili nne akabaki na moja. Cha juu cha koili tatu kimeyeyuka, na kipimo chenyewe hakikulipiwa. Jirani yake hakupima chochote, alisema tu "zote nne zimekufa, madam, na plagi zake," akaingiza mara nne. Magari yote mawili yamepona. Wateja wote wawili wameshukuru. Ukipita miezi sita baadaye, usishangae ukikuta kijana wa Mwenge naye ameacha kuhamisha koili.

Anayedhani haya ni maradhi ya gereji zetu tu asome yaliyoikuta Sears, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, mwaka 1992. Jimbo la California lina ofisi ya serikali ya kusimamia gereji, iliyotokana na sheria ya mwaka 1971. Wachunguzi wake, wakijifanya wateja wa kawaida, walipeleka kwenye gereji za Sears magari ambayo hali yake walikuwa wameshaikagua, na takriban mara 9 kati ya 10 wakauziwa matengenezo yasiyohitajika. Huko watu wana sare na kompyuta, wala hakuna mwembe. Kilichokuwepo ni kamisheni: waliopokea magari walikuwa wakilipwa kwa kadiri wanavyouza, na wamewekewa malengo ya kufikia. Kampuni ilikana kwamba ilidanganya kwa makusudi, lakini mpango ule wa malipo ikaufuta.

Yapo madogo madogo nisiyotaka kukaa nayo, kama dumu la oili la lita tano kwa injini inayomeza chini ya nne, dumu na salio vikatoweka. Masega ya bomba la moshi, hayo yanahitaji neno. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye wanunuzi wanaokuja na hela mkononi. Fundi atakwambia masega yameziba, gari litakuwa jepesi yakitoka, na kazi hiyo hatakutoza. Hata kama ni kweli yameziba, yaliyoziba nayo yana soko. Fundi akikutolea kitu bure kisha akasita kukukabidhi, mwambie akiweke kwenye buti.

Wapo wanaotaka ukali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia. Iendelee, ila haiwezi kuweka mtu chini ya kila mwembe. VETA nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, wanapimwa na kupewa vyeti. Naunga mkono kabisa. Cheti kitathibitisha kwamba fundi anajua kuhamisha koili. Malipo ya kuihamisha bado yatakuwa hayapo.

Kwa hiyo tulipie kupima. Iwe hela ya maana, itolewe kabla spana haijashikwa, na iwe yake hata tusipotengeneza kwake. Ufundi tusiubane. Spea anunue mwenye gari, au amtume mtu asiye na maslahi, na ile ya zamani irudi mkononi mwake.

Nitaambiwa kwamba mwenye Vitz aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi hana elfu thelathini ya kumpa mtu aangalie tu. Huyo ndiye hasa asiyeweza kumudu koili tatu asizozihitaji. Pingamizi zito zaidi nilipewa na fundi wangu mwenyewe: "Dada, nikitaja hela ya kupima, mteja anavuka barabara kwa anayepima bure." Hapo ana haki. Fundi mmoja mwaminifu akianza peke yake, atakufa njaa peke yake.

Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu. Halmashauri zinatoa leseni za biashara, na leseni huwa na masharti. Gereji ibandike ukutani bei yake ya kupima na ya ufundi, itoe makadirio kwa maandishi kabla ya kufungua kitu, na irudishe spea iliyotolewa mteja akiitaka. California wanayafanya hayo mawili ya mwisho siku nyingi na gereji hazijafungwa. Kwa gereji bubu zisizo na leseni, halmashauri zianze na zile zinazolipia eneo kila mwezi. Zinajulikana, ushuru wake haujapata kukosa mkusanyaji.

Mafundi niliozungumza nao hawana ugomvi na masharti hayo, mradi yawabane wote siku moja. Kelele nazitarajia kutoka kwenye maduka ya spea, kwa wale wenye vitabu vya risiti.