Kovu la Shingoni na Kidonge cha Presha

Mkanda wa kupimia shinikizo la damu una kazi ya pili ambayo wengi wetu tulifundishwa darasani, kisha tukaisahau wodini. Ukijazwa upepo hadi milimita 20 za zebaki juu ya shinikizo la juu la mgonjwa na kuachwa hivyo kwa dakika 3, mkono wa mtu mwenye upungufu mkubwa wa kalsiamu huweza kukakamaa: kifundo hukunjika, kidole gumba huingia kiganjani, na vidole vingine hunyooka vikiwa vimebanana. Armand Trousseau, tabibu Mfaransa aliyeieleza dalili hiyo katika karne ya 19, aliufananisha mkono huo na wa mkunga anapomzalisha mama. Dalili hii haichukui nafasi ya maabara. Naitaja kwa kuwa inakutanisha katika mkono mmoja maradhi mawili ambayo kliniki zetu zimezoea kuyatenganisha.

Tuchukue mfano, usio wa mtu mmoja, wa mama wa makamo aliyewahi kupasuliwa rovu. Nyuma ya tezi ya thairoidi kwa kawaida kuna tezi nne ndogo mfano wa punje za mchele, ziitwazo parathairoidi, nazo ndizo zinazosimamia kiwango cha kalsiamu katika damu. Zikiondolewa au zikikatiwa damu wakati wa upasuaji, mgonjwa huweza kuhitaji kalsiamu na vitamini D maisha yake yote. Miaka inapita, presha inapanda. Mama huyu haendi tena kule alikopasuliwa; anakwenda zahanati iliyo karibu. Miguu imevimba kidogo, anaandikiwa furosemaidi. Baada ya muda midomo inaingia ganzi, ncha za vidole zinachomachoma, misuli inabana usiku. Akirudi kueleza, ataambiwa ni presha, ama ni mishipa ya fahamu, ama (na hili linanisikitisha zaidi) ni mawazo tu.

Si mawazo. Furosemaidi huzifanya figo zimwage kalsiamu katika mkojo. Mwenye parathairoidi nzima hufidia hasara hiyo kwa homoni ya tezi zake. Mama huyu hana cha kufidia. Dawa za jamii ya thiazaidi, ambazo nazo huongeza mkojo, hutenda kinyume: huzuia kalsiamu isipotee, ndiyo maana madaktari wa homoni huzitumia makusudi kwa baadhi ya wagonjwa hawa ili kuzilinda figo zao dhidi ya mawe. Kwa mgonjwa wa namna hii, basi, dawa ya presha ni dawa ya kalsiamu pia, atake asitake daktari. Maoni yangu ni kwamba pasipo sababu nyingine, kama vile moyo kushindwa kazi au figo kudhoofu sana, furosemaidi isiwe dawa yake ya presha. Hata kwa wagonjwa wengine, haistahili kuwa chaguo la kwanza.

Thiazaidi nayo ina masharti. Ikichanganywa na vidonge vya kalsiamu na vitamini D, kalsiamu huweza kupanda kupita kiasi, mgonjwa akapata kiu, choo kigumu, kutapika na kuchanganyikiwa. Potasiamu na magnesiamu huweza kushuka. Vipimo vya damu, pamoja na cha figo, havina budi kurudiwa kila dawa inapoanzishwa au kubadilishwa. Nitajibiwa kwamba zahanati haina kipimo cha kalsiamu. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kutoa rufaa mapema. Lakini kuuliza, “Umewahi kupasuliwa shingoni?” hakuhitaji mashine, na kovu lenyewe liko wazi kwa anayetazama. Lawama kubwa zaidi naipeleka kwetu sisi wa hospitali kubwa, tunaomruhusu mgonjwa arudi nyumbani na karatasi isiyosema kwamba tezi zake za parathairoidi hazifanyi kazi.

Kwa wagonjwa wenyewe, kuna hofu moja inayohitaji kuondolewa. Amlodipini huelezwa kuwa dawa ya kuzuia kalsiamu, na wapo wanaoacha kidonge kimoja kwa kudhani kinapigana na kingine. Dawa hiyo huzuia kalsiamu isiingie kwa wingi katika misuli ya kuta za mishipa ya damu, mishipa ikalegea. Haipunguzi kalsiamu iliyomo katika damu. Vyote viwili vimezwe kama vilivyoandikwa.

Kalsiamu kaboneti ni vema kuimeza pamoja na chakula, na ipishane kwa saa 4 na kidonge cha homoni ya thairoidi. Chumvi nayo ipunguzwe mezani na jikoni: mbali na kupandisha presha, sodiamu inapotoka katika mkojo huvuta kalsiamu nyuma yake. Ile kidogo inayobaki iwe yenye madini joto, hasa kwa familia za nyanda za juu ambako rovu limekuwa la kawaida tangu zamani. Na mgonjwa akiona vidole vinajikunja vyenyewe, koo linabana au mwili unaingia degedege, asisubiri tarehe ya kliniki; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na kadi zake zote mkononi.