Shibiri Moja Kutoka Angani



Asimamaye pale Shimo la Mungu, Newala, jioni ya kiangazi, huona bonde la Ruvuma chini yake na ardhi ya Msumbiji ng'ambo. Giza likiingia, juu yake hutanda ule mkanda mweupe uitwao Njia ya Maziwa. Juma hili tumeona vema kutafakari juu ya mkanda huo, ingawa twajua wapo watakaotuuliza: sisi tunaohangaikia ndoo ya maji, habari za nyota zatuhusu nini?

Jibu letu laanzia katika ndoo hiyo hiyo. Kila molekuli ya maji ina atomu 2 za haidrojeni na 1 ya oksijeni. Haidrojeni ndiyo elementi iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni, nayo imeenea kati ya nyota kama gesi isiyoonekana kwa macho. Atomu yake ina protoni 1 na elektroni 1, na kila moja ni mfano wa pia izungukayo. Mara chache sana elektroni hujipindua, na hapo atomu hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, karibu shibiri moja. Atomu moja yaweza kungoja wastani wa miaka milioni 11 kabla ya kufanya hivyo yenyewe. Lakini kwa kuwa atomu hizo ni nyingi mno, ishara yao haikomi.

Mwaka 1944 Mholanzi Hendrik van de Hulst alitabiri kwamba wimbi hilo lingeweza kunaswa. Lilinaswa tarehe 25 Machi 1951, Jumapili ya Pasaka, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na mwanafunzi Harold Ewen akiongozwa na mwalimu wake Edward Purcell. Antena yao ilikuwa pembe ya mbao iliyovikwa shaba, ikachomoza dirishani. Mvua iliponyesha, maji yaliingia mpaka ndani ya maabara.

Faida yake ni kubwa. Vumbi la angani huzuia nuru ya nyota, bali wimbi hili hupenya. Tena, kama vile honi ya lori la korosho inavyobadilika sauti lori likitukaribia na kutupita, ndivyo wimbi hili linavyofupika chanzo chake kikija kwetu na kurefuka kikienda mbali. Kwa njia hiyo wataalamu walianza kuichora mikono ya Njia ya Maziwa katika miaka ya 1950. Baadaye walipima mzunguko wa galaksi nyingine, wakakuta kingo zake zaenda kasi kuliko uzito wa nyota na gesi uwezavyo kueleza. Hiyo ni hoja mojawapo ya kuwako kwa maada isiyoonekana.

Kazi hiyo leo inafanyika pia barani mwetu. Darubini ya redio ya MeerKAT, yenye antena 64, ilizinduliwa mwaka 2018 huko Karoo, Afrika Kusini, nayo ni utangulizi wa mradi mkubwa zaidi uitwao SKA. Kenya na Msumbiji ni miongoni mwa nchi 8 za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika mradi huo. Jina la nchi yetu halimo kati ya hizo nane.

Hatusemi haya kwa wivu. Kijana wa Mueda na kijana wa Newala huzungumza Kimakonde na kutazama anga moja. Mto usiwatenganishe katika elimu.

Maoni yetu ni haya: kisima na fizikia si maadui. Ajifunzaye kunasa ishara dhaifu ya angani hujifunza umeme, redio na kompyuta, ujuzi ambao kila wilaya yauhitaji. Basi wazazi, tusimwambie binti apendaye fizikia kwamba somo hilo si lake. Nasi tulio katika kamati na bodi za shule, tusikubali maabara iwe stoo ya viti vibovu. Ewen hakungoja jengo lisilovuja.